Ukuta Katikati ya Tanuru

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Tanuru imesimama. Matofali elfu kumi na nane. Nimeipanga mimi Anaclet, kwa jicho tu, bila kamba. Hapa Bukavu hakuna mwingine. Barthélemy alinipitishia matofali – anaita ile kazi. Miaka kumi na moja tuko pamoja, nusu kwa nusu. Maman Eulalie, mwenye kununua, alishatoa avansi yote, pesa ya mbele, tukaikula. Mwisho wa mwezi asipopata matofali, anachukua parcelle yangu, kiwanja na nyumba. Karatasi iko kwake.

Jumatano, 11 Septemba
Ugomvi. Barthélemy anasema kuni yangu ni kidogo kuliko yake. Kidogo! Anasema, "Muzee, tanuru haikuzaliwa na wewe." Nikamwambia: basi kila mutu na mudomo wake wa tanuru, na kuni yake. Nikaingiza matofali katikati ya tundu ya moto, ile inapita toka mudomo wangu mupaka wake, nikafunga na udongo, yeye ananitazama. Akafunika kuni yake na bâche, ile turubai ya mvua, akaenda.
Nimewasha upande wangu.

Ijumaa, 13 Septemba
Moshi inarudi kwa macho yangu. Moto haipandi. Marcelline, mama ya watoto wangu, ameleta bugali, amesimama pale. "Baba Dany, hewa itatokea wapi?" Miaka makumi ine niko nachoma, bibi ananifundisha moto. Nilimwambia aende.
Nilijua tangu jana: ni ule ukuta.

Jumamosi, 14 Septemba
Nilibomoa ukuta kwa mutarimbo, kupitia mudomo wa Barthélemy. Peke yangu, magoti inauma. Hakuna mutu aliona. Moto ikavuta vizuri, ikanguruma. Tanuru yangu!
Lakini kuni yangu iko inaisha. Ile moshi ilikula kuni ya siku mbili bure. Ya Barthélemy iko pale chini ya bâche, kavu, nyingi. Mimi si mwizi. Moto ikilala sasa, yote ni udongo tu.

Jumapili, 15 Septemba
Nilienda kwake kisha misa. Emérence, bibi yake, akanipa kiti. Barthélemy akatoka na nguo yake ya kanisa. "Papa Anaclet, karibu. Sema." Hakuwa na kasirani. Alingojea. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba kuni njia yote.
Nikasema nilikuja kuomba kiberiti.
Emérence aliangalia chini. Barthélemy akasema, "Kiberiti? Na tanuru inawaka?" Kisha akaingia, akaleta. Akanisindikiza mupaka barabarani, polepole, kama mutu anangojea tena.
Nikasema aksanti.
Mvua iko juu ya ziwa. Kuni yangu imebakia tatu. Nimeweka moja ndani ya moto.