Simu ya Stoo na Mashine ya Shangazi Mghoi

Malaba,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshavua aproni ya jiko la shule na umekaa kwenye kile kiti chako cha kamba, maana najua barua huisomi ukiwa umesimama. Kifua cha Mama kimepoa, au baridi ya Wundanyi bado inamsumbua? Na kabeji mmeshavuna? Mimi sijambo. Ugali wa huku ni mweusi, wa mtama na muhogo, na wiki ya kwanza nilikuwa naumeza kama dawa. Sasa nikiukosa naulizia.

Barua hii nimeianza mara tatu, nikaichana. Acha niseme jambo lenyewe mapema kabla sijaingiwa na haya: kwa wiki tatu nzima nilikuwa karibu nimfukuzishe dada yako kazi, na sikujua. Yaani mwanzoni sikujua. Hapo katikati nilianza kujua kidogo, nikajifanya sijui. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma, na ndiyo nimeona nikueleze wewe.

Unakumbuka siku ninaondoka uliniambia, "Ulimi wako mzito kama wangu. Nenda kwa shangazi yako, huyo alichukua maneno yote ya nyumbani kwetu." Ni kweli Baba, aliyachukua. Ofisini kwao, wanakoshughulikia karatasi za mizigo inayovuka kwenda Uganda, kuna foleni ya malori mpaka huwezi kuona mwisho wake, na madereva wote wanamjua kwa jina. Anawajibu kila mmoja kwa lugha yake. Asubuhi utamsikia akisalimu, "Yoga noi!" kwa Mteso anayeuza maziwa, halafu anageuka anamwambia dereva wa Kampala aliyemwita mama kwa Kiganda, "Nyabo ni mama yako, mimi niite Mghoi." Wanacheka, wanangoja kwa heshima.

Lakini kitu kilichonishangaza ni kompyuta yake. Siku ya kwanza nilikuta ameikunjia mikono, anakunywa chai, na kwenye skrini mshale unatembea wenyewe. Unafungua, unafunga, unaandika. Nilirudi nyuma hatua mbili.

"Shangazi, nani anaigusa?"

"Faraji. Fundi wetu."

"Yuko wapi?"

"Mombasa," akasema, akachovya mandazi.

Alinieleza hivi: ni kama umempa mtu ufunguo wa nyumba yako, ila njia yake ya kuja ni waya wa simu. Faraji anapiga simu kutoka Mombasa, inalia mara moja, kale kasanduku kadogo kanakoitwa modemu kanapokea badala ya mtu, na Faraji ameshaingia. Anaweka karatasi za mzigo humo humo na zinachapishwa hapa Malaba, dereva anapewa, anavuka. Zamani karatasi zilikuja kwa basi. Shangazi ndiye aliyewasumbua wakubwa mwaka mzima mpaka mashine ikaletwa kwake badala ya Busia. "Karne imebaki miaka miwili iishe," aliwaambia, "na nyinyi bado mnatuma bahasha."

Sasa, juma lile lile nililoanza kazi, laini ikaanza kukatika. Faraji anaingia, anafanya kazi dakika kumi, pap! Mshale unasimama, skrini inaandika kwamba mawasiliano yamepotea. Anapiga tena. Inakatika tena. Karatasi zinabaki nusu, na dereva wa lori hawezi kuvuka na nusu karatasi.

Baba, laiti ungemwona Shangazi akiutafuta ule ugonjwa. Mtu mwingine angepiga kasanduku kofi. Yeye alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akachora mistari. Kila laini ilipokatika aliandika saa, hali ya hewa, kama stima ilikuwa imepungua, na lori kubwa lilikuwa linapita au la. Na alikuwa na sheria yake: habadilishi vitu viwili kwa siku moja. Jumatatu alibadilisha waya wa simu. Jumanne Faraji alipunguza mwendo wa modemu, eti ikienda pole pole haitajikwaa. Siku nyingine aliwaita watu wa simu wakapanda nguzo mbele ya ofisi, wakashuka wakasema nguzo ni nzima. "Nikibadilisha vyote pamoja na ikapona," aliniambia, "sitajua ni dawa gani iliyoponya. Kesho ikiugua tena niko pale pale."

Sijawahi kuona mtu akishindwa kila siku na bado analala vizuri.

Mimi kazi yangu ilikuwa stoo, chumba cha nyuma, kupanga mafaili. Huko kuna simu nyingine, nyeusi, ya zamani, juu ya katoni. Shangazi alikuwa ameniambia, "Ukizoea, wewe ndiye utapokea simu za ofisi." Alisema kama mtu anayekupa peremende. Mimi nikaogopa. Unanijua, Baba. Darasani nilikuwa naandika insha ya Kiswahili na ya Kiingereza zikasomewa wenzangu, lakini nikiambiwa nisome mwenyewe, sauti inapotea. Na simu sikuwa nimewahi kushika hata mara moja.

Basi nikaamua nitajizoeza. Nilikuwa nangoja mpaka Shangazi awe ameshughulika na mashine yake mbele, ndiyo najua hatakuja nyuma kunikuta. Nafunga mlango wa stoo, nainua simu, nasema pole pole, "Hallo, Malaba hapa, hamjambo?" Ndani ya simu nilisikia shhhhhh, kama mvua juu ya mabati. Nilidhani hiyo ndiyo sauti ya simu isiyo na mtu. Niliipenda, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunicheka. Nasema salamu zangu, naiweka chini, narudi kwa mafaili.

Ile sauti ya mvua, Baba, ilikuwa Faraji akifanya kazi.

Sikujua kwamba ile simu ya stoo na kasanduku ka Shangazi vinanyonya waya mmoja. Nilidhani kila simu ina njia yake, kama vile kila nyumba ina mlango wake.

Wiki ya pili Bwana Wandera, meneja wetu anayekaa Busia, alikuja na pikapu. Ni mtu mpole lakini akisema amesema.

"Mghoi, mimi si mtu mbaya. Lakini Ijumaa ijayo nakuja kukaa hapa mwenyewe. Laini isipokaa saa nzima bila kukatika, hii mashine naipakia, inaenda Busia. Huko kuna kijana ameisomea."

"Ameisomea wapi, bosi?"

"Nairobi."

"Na mimi?"

"Kazi ya kutosha watu wawili sina."

Shangazi aliinama akaandika saa kwenye daftari, maana wakati wanaongea laini ilikuwa imekatika tena. Mimi nilikuwa nimetoka stoo muda huo huo, nimesimama pale na mafaili kifuani.

Jioni ile alilifungua daftari mezani akaniita nimsaidie kutazama. "Macho yako ni mapya," akasema. Haikuwa mvua. Haikuwa stima. Haikuwa malori. "Lakini ona," akaweka kidole. "Jumatano. Haijawahi kukatika Jumatano. Jumatano kuna nini?"

Baba, Jumatano ndiyo siku ninayotumwa Busia kupeleka karatasi. Nashinda huko kutwa.

Kitu kilinigusa hapa shingoni, nikakifukuza. Nilijiambia, msichana wa stoo anaweza kukata vipi simu ya Mombasa? Nikasema, "Sijui, Shangazi." Nimekuambia nitakueleza yote, basi ni hilo. Ningeweza kusema siku hiyo, na nikanyamaza kwa sababu ningelazimika kueleza kwamba huwa naongea peke yangu na simu.

Ijumaa ikafika. Bwana Wandera akaketi, akavua saa yake akaiweka mezani. Mlangoni alikuwa Musoke, dereva wa mabati, amengoja karatasi siku ya tatu. "Nyabo," alikuwa anamwambia Shangazi, "mke wangu yuko Tororo hapo. Nikipiga honi anasikia. Nimepiga mpaka amechoka kupika."

Shangazi alikuwa amebadilisha kitu kimoja tu siku hiyo. Kwa kawaida modemu inapiga kelele kidogo mwanzoni halafu inanyamaza. Yeye alimwambia Faraji aiache sauti wazi muda wote. "Nataka kuisikia inavyokufa," alisema. Kwa hiyo Faraji alipoingia, ofisi nzima ilijaa shhhhhh.

Mimi nilikuwa nimetoka nje kuchukua chai, kwa hiyo agizo hilo sikulisikia. Niliporudi, dakika ishirini zilikuwa zimepita na mawasiliano yalikuwa yanashika. Nilifikiri ile kelele ni ya feni. Bwana Wandera akanitazama.

"Wewe binti, wiki ijayo mimi nikipiga simu hapa nataka wewe uipokee. Utaweza?"

Nilijibu kwa kichwa. Miguu ikanipeleka stoo yenyewe. Nilifunga mlango, nikainua simu, mvua yangu ilikuwemo. Nikavuta pumzi. "Hallo, Malaba hapa. Hamjambo? Poleni na kazi. Mzigo wenu umefika salama, nawapa Bi Mghoi sasa hivi."

Niliisema yote bila kujikwaa, mara ya kwanza maishani. Na wakati huo huo nikaisikia sauti yangu ikitoka chumba cha mbele, kubwa, yenye mikwaruzo.

Musoke akapiga kelele akimwita Mungu wake kwa Kiganda, "Katonda wange! Mashine imesalimia!"

Shangazi alifungua mlango. Alinikuta simu iko sikioni. Hakunitazama mimi, alitazama waya. Aliufuata kwa macho kutoka kwenye katoni, ukutani, juu ya mlango, mpaka unapoingia chumba chake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wakesho. Iweke tu." Akarudi mbele.

"Bosi, nimeupata ugonjwa. Laini moja, simu mbili. Ya nyuma ikiinuliwa, Faraji anatupwa nje."

"Na nani amekuwa akiinua?"

"Kosa ni langu. Nimekagua nguzo mpaka barabarani, na waya ulio nyumbani mwangu sikuukagua."

"Mghoi, nimeuliza nani."

Ningependa kukuandikia kwamba nilitoka mara moja. Sikutoka. Nilisoma maandishi ya ile katoni, yote, hata namba. Nilimsikia Shangazi akisema, "Nimeshakuambia ni mimi," na nikajua atasimama hapo na hilo neno mpaka jioni, hata mashine ikipakiwa. Ndipo nikatoka.

"Ni mimi," nikasema.

Bwana Wandera alinigeukia. "Wiki tatu?"

"Ndiyo. Isipokuwa Jumatano."

Shangazi alitazama daftari, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Musoke naye akashika mlango. Mwishowe hata Bwana Wandera alijifanya anakohoa, akachukua saa yake. "Haya, saa inaanza upya," akasema.

Shangazi aliichomoa simu ya stoo akaifungia kabatini. Faraji akapiga, akaingia, na hakuna aliyesogea. Saa ikaisha. Karatasi za Musoke zilitoka moja baada ya nyingine, akazibusu. Alipofika ng'ambo alipiga honi ndefu mpaka tukaisikia. Bwana Wandera aliondoka na pikapu tupu, na mashine iko mezani kwa Shangazi hadi leo.

Nilifikiri yameisha. Lakini Shangazi alinisogezea simu ya mbele. "Mpigie Faraji. Amehangaika wiki tatu. Anastahili kuelezwa na mwenyewe."

"Shangazi, mwambie wewe."

"Mimi nimeshasema yangu kwa bosi."

Basi Baba, simu yangu ya kwanza duniani ilikuwa ya kuomba msamaha. Nilieleza yote. Upande ule kukawa kimya, nikadhani nimekata tena. Halafu Faraji akasema, "Dada, mimi huku nimebadilisha modemu mbili na nimegombana na watu wa simu. Na kumbe tulikuwa tunasalimiwa!" Akacheka. "Ni wewe utakuwa unapokea?"

Nikasema, "Ni mimi."

Kwenye daftari Shangazi aliandika saa, na maneno matatu: "Simu ya stoo." Jina langu hakuliandika. Nilimuuliza mbona. Akasema daftari lile ni la laini, kama nina la kuandika nitafute karatasi yangu. Hii ndiyo karatasi yangu.

Nikimtazama sasa akichovya mandazi huku mshale unatembea, sitamani tena maneno yake mengi. Natamani ile subira ya kubadilisha kitu kimoja, na kungoja.

Mwambie Mama, kifundo cha leso alichonifungia siku naondoka sijakifungua. Bibi mwambieni huku hakuna milima kabisa, macho yanakimbia mpaka yanachoka. Kaka Mwakio asiguse sanduku langu la vitabu. Na Mama Mkubwa, aliyenifundisha kuimba sauti ya alto, mwambie kanisani hapa nimeanza kusikika.

Jambo la mwisho. Shangazi ameomba ruhusa kwa mwalimu wako mkuu. Jumamosi saa nne asubuhi simu ya ofisini kwenu italia, na wote watatoka wakuachie. Najua simu ikilia huwa unajifanya unakoroga uji. Siku hiyo mpe mtu mwiko. Uinue, uiweke sikioni. Ukisikia kimya, usiikate, Baba. Nitakuwa ni mimi, nakusanya maneno.

Binti yako,
Wakesho