Ndoto ya Mama Yachapwa

Jumapili, 7 Novemba 1971

Mama ameota baada ya daku. Kaka Msabaha kaingia mlangoni, miguu imerowa, akaomba uji. Basi, hiyo tu. Mwaka wa tatu huu Msabaha yuko gerezani Unguja, na leo Mama ametabasamu, mara ya kwanza tangu tuhamie Southall, huku London. Ami Matar alikuja kufuturu, akahadithiwa. Alisema kheri inshallah, kisha akaomba ahadithiwe tena, polepole. Sikupenda.

Alhamisi, 11 Novemba

Karatasi ya siasa anayoichapa Ami imetoka — stensili, wino unachafua vidole. Sasa Msabaha anaingia na bendera, na serikali inaanguka kabla ya masika! Mbaya zaidi, ametaja jina la Mama: Bi Zuwena binti Khalfan, wa Mkunazini. Nikamuuliza kama ana wazimu. Ati ndoto isiyo na mwenyewe haiaminiki, na ibada za Mama mji mzima unazijua. Nikamwambia waliomfunga Msabaha nao wanamjua mama yake. Akajibu: Nakala zishakwenda Mombasa, ndani ya majora ya vitambaa. Zitavuka hadi Unguja.

Jumanne, 16 Novemba

Chuoni nasoma karatasi za hapahapa London, za miaka mia tatu na ushei iliyopita. Mwanamke anazimia, anaona maono kwamba mfalme anaanguka. Wanaume wamekaa kando ya kitanda wanaandika, mbio kwa mchapaji. Mwalimu wangu hupenda kuuliza ni nani hasa anayesema humo. Zamani lilikuwa swali la mtihani tu. Leo nimefunga kitabu nikapanda basi kurudi nyumbani.

Nimemwomba Mama aseme hadharani kwamba ya serikali hakuyaota. "Huenda niliyaota, Suad, nikasahau. Na nikiikana nusu, mwanangu n'takuwa nimemfungia mlango."

Nimelia chooni, bomba wazi.

Jumamosi, 20 Novemba

Idi. Nyumba imejaa, koti juu ya koti. Wanawake wanambusu Mama mkono, wanamletea ndoto zao. Kakaa kwenye sofa kama bibi harusi. Nina hasira naye. Naona haya kumkasirikia mama mwenye furaha siku ya Idi.

Jumatatu, 6 Desemba

Shemeji yake Msabaha kapiga simu toka Mombasa. Karatasi zimefika Unguja, askari wanazo. Ijumaa Mwanamwema, mke wa Msabaha, alimpelekea mumewe chakula gerezani kama kawaida. Akaambiwa Msabaha kahamishwa, chakula asilete tena. Kahamishiwa wapi, hawakusema.

Ami amekaa, uso umemshuka.

Mama hakulia. Kamwambia Ami achukue kalamu — ati mchana huu ameota tena, Msabaha mzima, yuko salama, na mwaka huu haujesha atakuwa mlangoni.

Mchana kutwa hajafumba jicho. Nilikuwa naye, tunaingojea simu.

Ami kashika kalamu, ananitazama mimi. Mama ameshaanza.