Mbolea ya Marehemu Amiri

Jumatatu, 23 Septemba 2024

Simu ya marehemu imelia. Ujumbe: ndugu mkulima Amiri, mbolea yako ya ruzuku iko tayari kwa wakala. Ndugu mkulima! Mwezi wa pili huu yuko kaburini na serikali bado inamwita shambani. Nimecheka, halafu nimelia.

Rukia ananiangalia tu. Huyu mke mwenzangu, miaka yote kila mtu na nyumba yake – yeye bondeni na kabichi zake, mimi huku mlimani na viazi. Sasa mama mkwe katuweka chumba kimoja tukae eda pamoja. Hatutoki, wanaume hawatuoni. Na Rukia anakoroma. Amiri hakuwahi kunitajia hilo.

Jumanne, 24 Septemba 2024

Kaja mtendaji wa kijiji, Stephano. Ni mgeni hapa kijijini, tena Mlutheri, lakini adabu anayo. Kasimama nje ya dirisha, pazia limeshushwa. Kasema pole. Kisha: marehemu hapewi mbolea, na kaya moja ni jina moja. Tuchague. Atarudi Ijumaa na kile kimashine cha alama za vidole, ndiyo siku ya mwisho.

Jina litakuwa langu. Mimi ndiye bi mkubwa. Likiingia la Rukia, mbolea ni yake, anigawie akipenda. Bei ya dukani siiwezi kabisa, na viazi vya mbegu vimeshachipua chini ya kitanda. Nisipoweka mbolea mwaka huu nitavuna majani.

Rukia kashinda kanipa mgongo. Ana lake moyoni, namjua.

Alhamisi, 26 Septemba 2024

Leo nimeshindwa kujizuia. Nimemwambia Rukia, Amiri alikuwa akikupendelea. Kila msimu akinipimia mbolea ananibembeleza: mvumilie mwenzako, bonde lake linaoshwa na mvua, nimemwongezea kidogo.

Rukia kaacha kuchambua maharage. Kumbe yeye aliambiwa udongo wa mlimani umechoka, kwa hiyo bi mkubwa ndiye kaongezewa! Akaniuliza, "Kwani wewe ulikuwa unapata madebe mangapi, dada?"

Matatu. Na yeye matatu.

Tumecheka mpaka mama mkwe kagonga ukuta, eti wajane gani hawa. Muongo mkubwa yule mwanaume. Alitaka tuhurumiane, sisi tukanuniana. Nimemkumbuka leo, nimemkumbuka mno. Rukia kaniegemea begani akalia, na mimi nikamwacha alie. Viganja vyake vina sugu kama vyangu. Na leo kaniita dada. Siku zote ilikuwa "shikamoo bi mkubwa", basi, kageuka kaenda zake.

Ijumaa, 27 Septemba 2024

Stephano kaja asubuhi. "Shikamooni, mama zangu. Nimwandike nani?"

Nilikuwa nimeshaamua tangu alfajiri. Nikasema, Rukia Idrisa. Papo hapo Rukia naye ubavuni kwangu kataja langu: Mwanaisha Rajabu.

Tukatazamana. Stephano yuko nje ya pazia, sauti zetu hazijui – akadhani kila mtu kataja jina lake. Nikamsikia anashusha pumzi. "Jamani mama zangu, msigombanie mbolea. Marehemu asingependa."

Rukia kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Mimi mbavu zinaniuma.  Yule kijana wa watu kasema anapita kwa jirani, akirudi akute tumepatana.

Hatujapatana. Namwambia Rukia, wewe una watoto wadogo. Yeye anasema mimi ndiye niliyelima na Amiri tangu hajaota ndevu. Namwambia chukua. Anasema sichukui. Mama mkwe anauliza kulikoni huko ndani.

Stephano huyo, anakohoa dirishani. Nimeubana mdomo wa Rukia kwa mkono wa kushoto ili nimtangulie kusema, lakini na yeye ameshaukamata mdomo wangu –