Wageni Wako wa Jumapili

Baba yangu,

Huko uliko natumaini wanakuacha uongee, maana mtu wa kunyamaza hukuwa. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu habari hii nimeibeba tangu Mama aanze kuumwa, na sasa imenizidi kifua.

Unaikumbuka Jumapili ile ya kwanza? Tulikuwa bado wadogo, tunakaa Misunkumilo, nawe unafundisha fizikia sekondari. Asubuhi kabla ya misa ulimwambia Mama, "Leo tuna mgeni, anatoka mbali." Mama akachinja jogoo. Akapika wali wa mchele wa kwao Mpimbwe, ule ambao hautoki kwenye gunia bila sababu. Tukanawa, tukakaa mkekani, tukasubiri. Ndipo ulipopakua sahani moja ya ziada, ukaiweka palipokuwa wazi, ukasema, "Mgeni wetu ni Mtaliano. Alielekeza darubini angani akaona mwezi una milima. Akasema dunia ndiyo inayolizunguka jua, wakubwa wakamkasirikia wakamfungia nyumbani kwake. Karibu, mzee."

Mama aliitazama ile nafasi, akakutazama wewe, kisha akalitazama paja la jogoo.

"Baba Skola," akasema taratibu, "jogoo wangu nimemchinjia marehemu?"

Ulicheka mpaka ukapaliwa. Mama hakucheka mpaka Jumatano. Lakini Jumapili iliyofuata aliongeza sahani mwenyewe, ingawa kitoweo kilikuwa maharage, na ikawa desturi ya nyumba yetu. Mgeni alihojiwa kama mgeni yeyote: umetoka wapi, kwenu wanalima nini, umetuletea habari gani. Wewe ndiye uliyemjibia. Alikuja mzee wa Basra, aliyejifungia kwenye chumba cha giza ili aelewe mwanga unavyoingia jichoni. Alikuja kijana wa Kiingereza, shule kidogo sana, kazi yake kujalidi vitabu, aliyechezesha sumaku kwenye waya mpaka umeme ukatokea. Ukanyoosha kidole kwenye balbu ya sebuleni ukasema hiyo ni mjukuu wake. Alikuja daktari aliyewasihi madaktari wenzake wanawe mikono kabla ya kuzalisha, nao wakamwona kachanganyikiwa. Alikuja hata mwanafunzi wa hapa hapa Tanzania, aliyeona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa, na darasa zima likamcheka alipouliza kwa nini. Huyo Mama alimwongezea nyama. Alisema mtoto akichekwa kwa kuuliza, angalau ashibe.

Kukutania hakuacha lakini. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikwambia. "Hawa wako hata jembe hawashiki."

"Wameshalima hao, Mama Skola. Sisi ndio tunavuna."

Kisha akaja yule mwanamke. Ulituambia ametoka Poland akaenda kusoma Ufaransa, akafanya kazi kwenye banda linalovuja, anachemsha mawe meusi ya kusagwa kwenye sufuria kubwa, siku nzima akikoroga kwa nondo yenye urefu karibu sawa na wake. Mama aliacha kula.

"Anakoroga mwenyewe?"

"Na mume wake walikuwa wote, lakini kwenye sufuria alikuwa mwenyewe."

"Kama anasonga ugali wa msibani," Mama akasema. Akafikiri kidogo. "Na mikono yake je?"

Uliomba maji ya kunywa. Sheria yako ilikuwa kwamba wageni hatuwaziki mezani, kwa hiyo hata siku moja hukutuambia yeyote kati yao alikufaje.

Ulipoondoka wewe, sahani ya ziada nayo ikakoma. Hatukukubaliana, ilitokea tu. Mimi nikaendelea na maisha nikidhani wale watu ni mchezo wako wa kutufanya tupende shule.

Mwaka jana Mama alianza kutokwa na damu. Akaficha, kama wanavyoficha wanawake wa umri wake, mpaka nilipoona. Tulipimwa hapa Mpanda, tukaelekezwa Mwanza. Ni saratani ya shingo ya kizazi, wakasema, lakini imewahiwa, anahitaji mionzi. Mama akakataa. Shangazi walikuja, paroko alikuja, akawapikia chai wote na kuwakatalia wote.

"Nimezaa, nimelima, nimezika mume," aliniambia. "Kuchomwa kama hindi sitaki. Niacheni."

Baba, nilimwona anakufa huku anapepeta mchele. Nikasema neno lililonijia tu. "Mama, hiyo mionzi ndiyo ile ya yule mwanamke wa kwenye banda. Amekula kwako."

Ungo ukatulia. "Yule aliyekuwa anasonga?"

"Yule yule. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Usinipotoshee methali. Mwenyeji anapona kwa kuku wa mgeni, siyo kwa kuchomwa." Lakini jioni nilimkuta anakunja vitenge. Tukapanda treni mpaka Tabora, tukachukua basi la Mwanza.

Mimi wakati huo nilishasoma, nilijua kilichomuua yule mwanamke. Sikumwambia. Kila alipowasimulia wagonjwa wenzake kwenye benchi kwamba mwenye mionzi hii alikuwa mgeni wa mume wake, nilitazama pembeni. Alikuwa amefika katikati ya matibabu pale binti mmoja wa chumba cha mionzi, binti mpole, alipotaka kumfurahisha. "Kumbe bibi unamjua. Na ndiyo hii hii iliyomuua, masikini, kwa kuishika miaka yote bila kinga." Hakuwa na kosa. Alidhani mtu anayejua mwanzo anajua na mwisho.

Pale tulipofikia Mama alikaa barazani akitazama yale majabali ya Mwanza, chakula hakugusa. Daktari alikuwa ameshatuonya kwamba akikatisha, kazi yote itakuwa bure. Nikakaa chini karibu na miguu yake, nikijua kwamba akisema turudi nyumbani, sina tena neno la kumzuia.

"Baba yako alijua?" akaniuliza.

"Nadhani alijua, Mama."

"Ndiyo maana siku ile alinikwepa." Akayatazama tena yale majabali. "Yule mwanamke hakuwa na wa kumwambia kwamba inaunguza. Mimi naingia mle ndani, wananipima, wananiwekea alama, wanahesabu. Wamejulia wapi, kama siyo kwake?" Akajifunga kitenge vizuri. "Kesho tuwahi foleni."

Siku iliyofuata nilisimama nje ya ule mlango mzito, Mama yuko ndani peke yake. Nimefaulu fizikia yako, Baba, nimejaza karatasi za mitihani, lakini sikuwahi kuielewa mpaka pale. Mtu alijiuliza swali kwenye banda linalovuja. Swali likapita kwa watu nisiowajua, kila mmoja akilisahihisha kidogo, likavuka bahari, likafika Mwanza, likaingia kwenye chumba kimoja na kumgusa mwanamke wa Mpimbwe palepale panapouma. Niliingiwa na woga, ule woga wa kanisani, wa kutaka kuvua viatu. Nikalia mbele za watu wala sikuona aibu.

Uvimbe umenywea. Wanataka kumwona tena, na sisi tutakwenda kila watakapotuita. Kwa sasa yuko shambani Magamba, anapanda mahindi na kuulalamikia mgongo, nami nakuomba huko uliko usichoke kumwombea.

Juzi alikwenda parokiani kuweka nia ya misa kwa ajili ya marehemu. Jina la yule mgeni wako wa bandani aliniuliza mimi. La ukoo lilimshinda, akabaki na lile la kwanza, ambalo hata hapa Mpanda tunalo tele. Katekista akamuuliza huyo marehemu ni nani wake, maana kwenye familia yetu hamjui. "Dada yangu," Mama akasema. "Tulichelewa kupata taarifa."

Jumapili paroko akalisoma lile jina katikati ya marehemu wa Misunkumilo. Uliwahi kutusimulia kwamba jioni alikuwa akirudi bandani, hawashi taa, anakaa tu na kutazama vichupa vyake vinavyong'aa gizani. Hilo nililikumbuka nikiwa nimepiga magoti, Mama ananigusa bega kwa bega, anapumua vizuri. Na kanisa zima, watu wasiojua wanamwombea nani, wakaitikia kwa sauti moja: na mwanga wa milele umwangazie.

Pumzika, Baba. Mama anakusalimu, anasema jogoo wake bado anakudai.

Mwanao, kifungua mimba wako.