Makovu Kando ya Skrubu

Darra, 6 Oktoba 2014

Mwanangu Zarmast,

Salaam aleikum. Mimi mzima, ila magoti yamegoma na meno yaliyobaki yanagombana. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula. Nimemwambia mvivu hakosi hamu. Wewe je, na baridi ya huko bwawani unakolinda?

Banaras, dereva wa lori, kaniambia ile bunduki niliyokuundia inang'aa siku hizi kama bibi harusi. Nikashtuka. Mimi sikuunda bibi harusi. Hebu ifungue. Kile chuma kinachokwenda na kurudi ndani kila ukifyatua, juu yake kuna kijibomba kilichoshikwa na skrubu mbili. Kando ya kila skrubu nilipiga tindo, chuma kikavimba kikaibana. Hayo makovu yapo? Jaribu skrubu kwa kucha. Ikicheza hata kidogo, usiende nayo zamu.

Baba yako, Khaista Gul
(fundi, bado hajafa)

Lango la Bwawa, 29 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mwambie mama nakula, ingawa mpishi wetu ana ugomvi na chumvi.

Makovu hayapo. Wenzangu wa lindo la zamani walinicheka: "Hii kaiunda kipofu?" "Fundi alikuwa anaua nzi?" Nikachukua tupa nikayasawazisha, nikapaka mafuta. Hapa wote wanaamini ni ya Ulaya. Hata Subedar Inayat, mkubwa wetu, kaniheshimu: kaniweka lango la mbele pamoja na mlinzi mwenzangu Sabz Ali. Skrubu nimezikaza kwa nguvu zangu zote. Usihangaike.

Mwanao, Zarmast

Darra, 12 Novemba

Ewe Mzungu wangu,

Salaam. Huku wote wazima, isipokuwa aliyesoma barua yako.

Umempaka mtu poda, ukamng'oa uti wa mgongo. Kaza mpaka utokwe jasho, haisaidii. Kila risasi, moto wa baruti unapita kwenye kile kijibomba na chuma kinatikisika. Skrubu isiyobanwa italegea tu. Moto ukivuja, bunduki itapiga moja, kisha itakuwa fimbo. Kila risasi utakivuta kile chuma kwa mkono, na mwizi hana subira hiyo.

Na hao waliokucheka! Itazame bunduki ya Subedar, ile ya Ulaya kwelikweli. Utakuta makovu yale yale, kiwandani kwao wameyapiga. Isiyo nayo ndiyo ya bandia, kichwa maji wee.

Hapo bwawani kuna karakana. Fundi akupigie tindo leo, si kesho. Nimechoka, mwanangu. Mama yako kauliza umeandika nini. Nimemsomea habari za chumvi tu.

Baba yako

Darra, 20 Desemba

Zarmast,

Salaam. Hatujambo. Theluji imepungua, Banaras karudi mikono mitupu, bila barua yako. Anasema huko langoni zimepigwa risasi, hajui kapigwa nani. Nilimsomea mama yako barua yako ya zamani nikijifanya ni mpya. Hajui kusoma, lakini chumvi aliikumbuka. Tangu hapo hasemi nami.

Andika hata neno moja. Hata tusi litatosha.

Baba yako

Lango la Bwawa, 3 Januari 2015

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, sina hata mkwaruzo. Mwambie mama kwanza, ndipo usome mengine.

Barua yako ilikwama kwenye theluji. Kabla haijafika, wezi wa nyaya za shaba walikuja. Risasi yangu ya kwanza ilitoka. Ya pili, kimya. Nikiwa navuta kwa mkono, Sabz Ali akapigwa risasi pajani. Wezi tuliwafukuza, lakini yeye atachechemea maisha yake yote.

Fundi wa karakana keshapiga tindo. Nilimsaidia Subedar kusafisha bunduki yake, nikayaona makovu.

Lakini Baba, wote sasa wanasema, "Vitu vya Ulaya takataka! Laiti ungekuwa na ya mafundi wa Darra!" Sabz Ali mwenyewe anasema hivyo kitandani. Nami sijawaambia kweli.

Mwanao

Darra, 18 Januari

Mwanangu,

Salaam. Mama yako amemshukuru Mungu, akanipa chai. Sijui ilikuwa chai au msamaha. Mimi nilicheka habari za Ulaya, kisha nikaona haya. Lile paja halichekeshi.

Nunua kondoo. Mpelekee Sabz Ali mbele ya wote, umwambie tupa ilikuwa mkononi mwako. Sisi ndivyo tunavyoomba radhi. Watakutukana? Waache watukane. Kabla hujafanya hivyo usiniandikie.

Baba yako

Lango la Bwawa, 22 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nilimpeleka kondoo, nikasema yote. Subedar alitema mate chini. Sabz Ali alimtazama kondoo, mimi hakunitazama. Akasema, "Mchinjeni, watu wana njaa." Tukala. Kwa desturi yetu yameisha.

Amerudi zamu, na mkongojo. Kila asubuhi, kabla hatujafika langoni, ananyoosha mkono. Nampa bunduki. Anaifungua, anajaribu skrubu ya kwanza, anajaribu ya pili, anafunga, ananirudishia.

Ya kwake haikagui.

Mwanao, Zarmast