Bunduki Nyepesi na Palahala wa Mkongani

Jumatano, jioni. Jana ilinyesha kutwa, leo jua limetoka na matope yamenipanda hadi magotini. Nimechoka, na nina furaha isiyofichika. Acha nijisifu kidogo. Kesho nitarudi kuwa mtu wa adabu.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni daktari wa wanyamapori huku Kwale. Bunduki yangu haiui. Hurusha sindano ya dawa ya usingizi, ikisukumwa na fataki ya baruti.

Wiki nzima tumebishana nichukue bunduki ipi. Tsuma, askari ninayetembea naye msituni, anaipenda ile kubwa: inapiga mbali, na mlio wake unamfurahisha. Mimi nilitaka ile fupi, nyepesi, yenye fataki dhaifu. Huku kwetu gari huachwa chini ukapanda kwa miguu, na aliyebeba chuma kizito kutwa hufika mkono ukitetemeka. Tena ile kubwa tuliijaribu kwenye gunia la makumbi ya nazi, sindano ikazama yote. Kwa ndovu, sawa. Swala ungemvunja mfupa.

"Hiyo yako ni ya kuulia panya, daktari," Tsuma alinicheka mbele ya wenzetu wote.

Iliniuma.

Leo ikaja zamu ya kujua nani mkweli. Palahala jike, yule swala mkubwa wa pembe zilizopinda nyuma, alionekana pembeni mwa mashamba ya Mkongani, kitanzi cha waya kimemkata shingo. Kenya nzima palahala wamebaki kwenye vilima vyetu hivi tu. Na huyu, kwa hali yake, nisingempata leo asingekuwa na kesho.

Fataki dhaifu inataka usogee. Tukasogea, tumbo chini, majani yanatulowesha, mpaka nikawaona nzi kwenye kidonda. Nikavuta pumzi, nikapiga. Sindano ikakaa pajani, pale pale nilipotaka. Akatembea kidogo, akapiga magoti, akalala.

Sikujua kwamba Mzee Hamisi, mwenye shamba, alikuwa anatutazama. Pwani yetu mnyama akianguka, mtu hukimbilia kisu amchinje kabla hajafa, maana kibudu hakiliwi. Nikamwona anakuja mbio, kisu juu, shuka inamfunguka.

"Mwahini! Asife kibudu! Bismillahi, Allahu Akbar!"

Nikajitupa juu ya shingo ya mnyama.

"Shikamoo baba! Hajafa, amelala!"

"Marahaba. Amelala? Mchana huu?"

Hata kwenye kisu sikuiacha shikamoo, mama angejivuna. Nikamweleza mambo, naye akaweka kisu chini, akazishika pembe kwa upole wakati mimi naukata waya kwa koleo. Nikasafisha kidonda, nikamchoma dawa ya kumwamsha, tukarudi nyuma sote.

Muda ule wa kungoja nilikuwa naogopa, sitadanganya. Kisha sikio likacheza. Akajiinua, akayumba, akatutazama kwa dharau kama mke mwenza, akakimbilia msituni.

Nikapiga kigelegele. Daktari mzima!

Tsuma aliniomba tu bunduki ya panya aibebe yeye, akaitembeza begani mpaka garini kama yake.

Mzee Hamisi alikuwa bado anautazama msitu.

"Basi Bismillahi yangu imepotea bure?"

"Haikupotea, baba," nikamwambia. "Wewe umeisoma, yeye akainuka."