Kitunga cha Mama Mapendo

Neema, mujukuu wangu,

Nakusalimu kutoka Ndosho. Mama yako amepona mafua, na papa wako amekwisha kupaka mlango rangi. Umeniuliza kama ni kweli munayosoma iniversite huko Kisangani, kwamba mutu anaendelea kukomaa hata uzeeni.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, tumekimbia vita na kufika kambini Mugunga. Jirani yetu, mama muzee kutoka Masisi aliyeitwa Mapendo, alikuwa hajasema neno tangu afike. Watu walimuletea uji, wakamupa pole, wakamuuliza aliyoyaona. Aliangalia chini tu.

Siku moja nilikaa karibu naye nikisuka kitunga changu cha kwanza. Kilipinda vibaya. Nikakifumua, nikaanza tena, nikakaribia kulia. Mara mkono wake ukakikamata.

"Unakaza sana," akasema. "Lete hapa."

Nilishituka. Niliogopa kwamba nikishangilia atanyamaza tena, basi nikauliza tu, nikimuita kama bibi yangu, "Nifanye namna gani, tate?"

Akanionyesha mpaka jua likashuka. Kesho yake aliniita mwenyewe, na baada ya muda wasichana sita walikuwa wakisuka mlangoni pake. Huzuni haikumuacha, mara nyingine alilia huku akisuka. Lakini aliongea.

Nilimuuliza kwa nini alinisemesha mimi.

"Wote walikuja kunisaidia, mutoto wangu," akajibu. "Wewe ndiye uliyekuja na shida."

Sijui vitabu vyenu vinaliitaje jambo hilo. Mimi nililiona.

Tate wako anayekupenda,
Kavira